Hisabati na Udaktari wa Mifugo: Tusimkatie Mtoto Njia

*Mazungumzo ya mwanachama wetu, ambaye ni mtaalamu wa mifugo, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Simbo, Kigoma. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.*



 

 Miaka kumi siyo mchezo. Tulianza tukiwa wachache chini ya mti, na sanduku la kufuli tatu, na daftari moja la kurasa mia. Kuna waliosema hatutamaliza hata mwaka. Leo wengine kati ya hao wamekuja kula pilau yetu, na tunawakaribisha sana.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya elimu ya watoto wetu. Nikawauliza, elimu ipi? Maana elimu ni bahari. Wakaniambia, sema unachokijua. Basi mimi ninachokijua ni mifugo, na katika mifugo kuna jambo moja ambalo limenigharimu maisha yangu yote. Jambo hilo ni Hisabati.

Najua wengine wameshaanza kuguna. Vumilieni kidogo, nitafika kwenye fedha.

Kwa nini nimelichagua jambo hili

Wiki chache zilizopita mama mmoja mwanachama alinijia nyumbani jioni. Binti yake yuko kidato cha nne. Binti huyu nyote mnamfahamu, ndiye yule anayewadondoshea kuku wetu chanjo ya mdondo machoni, na mbuzi akishindwa kuzaa usiku huitwa yeye kunishikia taa. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Mama akaniambia: "Dada, huyu mtoto Bayolojia anafaulu, Kemia anajitahidi, lakini Hisabati inamtesa. Nimemwambia aiache tu, aweke nguvu kwenye masomo yake. Ng'ombe hawaulizi hesabu. Nimekosea?"

Nikamwambia, mama, nipe siku mbili nikujibu. Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa linanichoma. Leo namjibu mbele yenu, na yeye mwenyewe ameniruhusu.

Njia ya kufika huko

Kwanza tuelewane njia yenyewe ilivyo, maana wengi tunawasukuma watoto kwenye njia ambayo hatujaiona.

Hapa Tanzania shahada ya udaktari wa mifugo inatolewa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambacho watu hukiita SUA. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria mwaka 1984, kikapewa jina la hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wetu aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka huohuo karibu na Morogoro. Zamani, kabla nchi yetu haijaanza kufundisha madaktari wake wa mifugo katika miaka ya 1970, vijana walikwenda Kabete, Nairobi. Masomo ni miaka mitano. Ukipanda treni hapa Kigoma kwenda Dar es Salaam, Morogoro unapita palepale. Kwa hiyo ni mbali, lakini reli moja inatosha.

Sasa, mtoto anaingiaje? Kwa njia ya kawaida anamaliza kidato cha nne, anakwenda kidato cha tano na cha sita kwa mchepuo wa sayansi wenye Bayolojia na Kemia ndani yake. Kuna PCB, yaani Fizikia, Kemia na Bayolojia. Kuna CBG, yaani Kemia, Bayolojia na Jiografia. Kuna na CBA, ambayo ina Kilimo. Masomo mawili yanayobeba mlango wa udaktari wa mifugo ni Kemia na Bayolojia.

Nawaona mnatazamana. Mnasema, mbona Hisabati haimo? Hapo ndipo mtego ulipo, na ndipo mama mwenzetu alipoteleza. Hisabati siyo nguzo ya kati ya nyumba hii, lakini inakaa mlangoni, tena mlango zaidi ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni kidato cha nne. Hisabati ni somo la lazima, na matokeo yake yanabaki kwenye cheti mpaka uzeeni. Alama 30 hadi 44 ni D, 45 hadi 64 ni C, na chini ya 30 ni F. Kwa programu nyingi za sayansi vyuoni, mwombaji ambaye hakusoma Hisabati ya juu anaulizwa: je, una angalau D ya Hisabati ya kidato cha nne, au una ufaulu wa somo dogo la Hisabati la kidato cha sita? Kila programu ina mstari wake katika kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Kitabu hicho kinatolewa kila mwaka na masharti hubadilika. Kwa hiyo msinisikilize mimi tu, wala msimsikilize jirani. Someni mstari wa programu yenyewe, kwa mwaka wenyewe ambao mtoto anaomba.

Mlango wa pili ni hilo somo dogo nililolitaja, ambalo wanafunzi wa PCB na CBG hulisoma pembeni ya masomo yao matatu. Wenyewe huliita BAM. Wengi wanalidharau kwa sababu haliingii kwenye pointi zile kubwa. Kumbe siku ya kuomba chuo linaweza kumwokoa aliyeteleza kidato cha nne.

Mlango wa tatu umefichwa ndani ya Kemia na Fizikia. Mtoto anayesema "nitaiacha Hisabati nishike Kemia" hajui kwamba nusu ya Kemia ya kidato cha tano ni hesabu: uwiano, desimali, vipeo, logi. Akiikimbia Hisabati mlangoni, ataikuta imekaa jikoni inamsubiri.

Na kuingia SUA ni ushindani. Kiwango cha chini cha jumla cha TCU kwa aliyetoka kidato cha sita ni masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni cha chini tu. Wanaoomba ni wengi kuliko viti.

Wenzetu nao hawako tofauti sana. Kenya, kwa anayetaka udaktari wa mifugo, Hisabati huwekwa mizani moja na Fizikia, baada ya Bayolojia na Kemia. Marekani kila chuo kina orodha yake: vingi hutaka somo la takwimu, vingine huridhika na aljebra. Sijasikia mahali ambapo daktari wa mifugo anaruhusiwa kutojua hesabu kabisa.

Yaliyonipata mimi

Sasa nije kwangu. Hapa kijijini mnaniita daktari. Nashukuru kwa heshima hiyo, lakini siyo kweli, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatutofautisha. Daktari wa mifugo ni mwenye shahada aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mimi ni mtaalamu msaidizi. Nilisoma chuo cha mifugo ngazi ya cheti, na baadaye stashahada.

Nilitaka udaktari. Nilipokuwa sekondari, shule yetu ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Hisabati. Akipatikana wa muda, anafundisha wiki mbili anaondoka. Sisi wasichana tukaambiana, "Hii siyo yetu." Tukawa kipindi cha Hisabati tunakwenda kuchota maji ya bweni. Hakuna mtu aliyetukataza, na nyumbani hakuna aliyeuliza. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C ya Bayolojia, D ya Kemia, na F ya Hisabati. Nikalia siku moja, siku ya pili nikaenda kuuza dagaa Ujiji.

Chuo cha cheti kilinipokea, nikashukuru, nikasema Hisabati nimeizika. Lakini nilikuwa nimejidanganya.

Mwaka wa tatu wa kikundi chetu, mama mmoja mjane, ambaye ameketi hapa na ameniruhusu niseme, alikuwa amekopa kwenye kikundi akanunua mbuzi. Mbuzi wakawa na kupe wengi. Akaniita niwanyunyizie dawa. Bomba langu ni la lita 15. Dawa ilikuwa mpya kwangu. Kwenye chupa pameandikwa kwa namba tu, moja kwa elfu moja. Yaani lita 15 ni mililita 15,000, unagawa kwa 1,000, unapata mililita 15. Vifuniko vichache tu vya soda.

Mimi nikagawa kwa mia. Nikaweka mililita 150.

Jioni yake mbuzi wakaanza kutokwa na mate na kutetemeka. Tuliwaosha kwa maji na sabuni mpaka usiku. Wawili walikufa. Mmoja alikuwa na mimba.

Yule mama hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza tu, "Sasa mkopo nitalipa na nini?"

Nikaja kwenye kikundi, nikasimama kama ninavyosimama leo, nikaeleza. Mkanikopesha nikamlipa mbuzi wake, nikawa nakatwa kidogo kidogo. Siku ile mweka hazina wetu, mama yetu ambaye yeye aliishia darasa la saba, alinivuta pembeni akaniambia: "Mwanangu, mtu akikopa laki moja mimi nikaandika milioni, si atalia? Ni sifuri moja tu. Wewe umeongeza sifuri moja."

Sikuwahi kufundishwa Hisabati vizuri namna ile.

Nikamwomba anifundishe. Kila Jumamosi baada ya mkutano tulibaki na lile daftari. Tuseme mkopo laki moja, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu, jumla shilingi ngapi? Tuseme hisa zote ni hizi na faida ni hii, mwenye hisa 15 anapata ngapi? Huo ndio uwiano, ndiyo asilimia, ndiyo hesabu ya chupa ya dawa. Akina mama, ninyi mnaosema hamjui Hisabati mnaifanya kila wiki. Anayenunua mawese kwa dumu na kuyauza kwa chupa, na usiku akajua amepata faida ya kiasi gani bila kalamu, huyo ni mwanahisabati aliyekosa cheti.

Nikajiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea, nikarisiti. Mara ya kwanza F tena. Mara ya pili, D. Msicheke. D ile niliibandika ukutani. Kwa cheti kile na kazi yangu nikaendelea na stashahada. Shahada sikuifikia, maana umri na watoto na mambo mengine yalikwisha kunizunguka. Silalamiki. Nasema tu kwamba kutoka F kwenda D nilitumia miaka mingi na mbuzi wawili, wakati msichana wa kidato cha pili angetumia likizo mbili na mwalimu.

Hesabu zenyewe ni zipi

Wengine mtasema, basi hiyo ni hesabu ya chupa, ya shule ni ngumu. Ngoja niwaonyeshe tatu ninazozitumia, muone kama ni mambo ya ajabu.

Moja, uzito wa ng'ombe. Hatuna mizani ya ng'ombe hapa. Unachukua futikamba ya fundi cherehani, unazungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, halafu unapima urefu wa mwili kutoka bega hadi nyuma ya nyonga. Tuseme kifua ni sentimita 150 na urefu 130. Kifua unazidisha chenyewe kwa chenyewe, 150 mara 150, unapata 22,500. Unazidisha kwa 130. Unagawa kwa 10,840. Jibu ni karibu kilo 270. Hicho ni kipeo cha pili, kuzidisha na kugawa, basi.

Mbili, dawa ya minyoo ya sindano iitwayo ivermectin. Kiwango ni miligramu 0.2 kwa kila kilo. Mbuzi wa kilo 25 anahitaji miligramu 5. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita moja. Kwa hiyo mbuzi huyo anapata nusu mililita. Ukikosea nukta, umempa mililita tano.

Tatu, chanjo. Kuku wanachanjwa mdondo kila baada ya miezi mitatu, mara nne kwa mwaka. Kaya ngapi, kuku wangapi, chupa ngapi, tuchange kiasi gani kila kaya? Hapo ukichanganya na swali la wangapi tukiwachanja ugonjwa hautasambaa, tayari umeingia kwenye takwimu. Kwa kazi za namna hiyo sotoka ya ng'ombe ilifutwa duniani, ikatangazwa mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa, baada ya ndui.

Na daktari wa mifugo siyo wa ng'ombe na mbuzi tu. Hapo Gombe, mwendo wa mtumbwi kutoka Kigoma, mwaka 1966 sokwe walishikwa na ugonjwa wa kupooza kama polio, na Jane Goodall na wenzake wakawapa chanjo ndani ya ndizi. Fikirieni: ndizi ngapi, matone mangapi, sokwe yupi ameshakula na yupi bado. Kazi kama hiyo iko hapa kwetu, ziwani kwetu. Ingekuwa vizuri siku moja ifanywe na binti wa Simbo.

Jibu langu kwa mama, na hoja yangu kwa kikundi

Mama mwenzangu, uliniuliza kama umekosea. Ndiyo, umekosea, lakini ni kosa la mama anayemwonea huruma mwanawe, na bado linarekebishika. Usimwachishe Hisabati. Mtoto huyo hahitaji A. Kwanza apate D asiwe na F, kisha tumsukume kwenye C. Akijaza selfomu, ajaze mchepuo wenye Kemia na Bayolojia. Akifika kidato cha tano asiidharau BAM. Na hata kama alama hazitatosha kwenda moja kwa moja, njia ya vyuo vya mifugo ngazi ya cheti na stashahada ipo, na mwenye stashahada yenye wastani mzuri anaruhusiwa kuomba shahada. Ni ndefu, lakini siyo ya aibu. Mimi nimeipita nusu.

Sasa kikundi. Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Tunashukuru. Lakini ada kufutwa hakujaleta mwalimu wa Hisabati pale asipokuwepo. Nchi nzima Hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo ambalo wengi mno wanaanguka. Hilo hatuwezi kulimaliza sisi wa Simbo. Tunachoweza ni kidogo, na mimi naomba hicho kidogo.

Ninyi mnajua mfuko wetu wa jamii una kiasi gani, mweka hazina amesoma asubuhi. Najua pia kuna pendekezo la kununua vitenge vya sare vya miaka kumi. Sisemi tusipendeze, mimi mwenyewe napenda kitenge. Naomba tu kwamba kabla ya kitenge, tutenge fungu la kumlipa mwalimu mmoja wa Hisabati likizo ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na mbili, afundishe watoto wa wanachama wa kidato cha pili na cha nne, wasichana na wavulana, hapahapa tunapokutania. Ubao tunao. Chaki siyo ghali. Na Jumamosi moja moja mweka hazina wetu awaonyeshe lile daftari.

Kuna atakayesema, "Mimi sina mtoto wa sekondari, fungu langu linanisaidia nini?" Swali ni la haki. Namjibu hivi: una mbuzi. Kesho atakayewatibu ni mmoja wa watoto hawa. Ungependa awe anajua tofauti ya mia na elfu, au asijue? Yule mama mjane anaweza kukujibu vizuri kuliko mimi.

Uamuzi ni wenu, mtapiga kura baada ya chakula. Mimi nimesema nililokuwa nalo. Nikiwa nimemkosea mtu yeyote kwa maneno yangu, anisamehe.

 

*Maelezo ya kamati: Hoja hii ilijadiliwa alasiri ya siku hiyohiyo. Wapo waliopinga, na mjadala ulikuwa mrefu. Mwishoni wanachama walio wengi walikubali kulipia mwalimu kwa likizo mbili za mwanzo, kisha kikundi kikae kipime matokeo. Sare za vitenge zitanunuliwa na kila mwanachama kwa hiari yake.*